Namna ya Kuingiza Kikundi Makumbusho ya Lamu Siku ya Mwisho ya Safari

Likizo ya Agosti ikikaribia, na tena Desemba, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mwalimu wa Tanga anakuja na wanafunzi 40. Mama wa chama cha Likoni anakuja na wenzake 20, nusu yao wana magoti mabovu. Kijana wa Voi amepewa uongozi wa vijana wa msikiti na hajawahi kufika Lamu maishani. Wote huniuliza: "Tumebakiwa na asubuhi moja. Makumbusho tutayawahi? Mizigo tuiweke wapi? Watoto hawatachoka? Si ngome tumeshaiona?"

Mtayawahi. Mkijipanga, saa mbili zinatosha, na siku ya mwisho ndiyo siku bora ya kuingia. Huwa nabishana na viongozi wanaotaka kuanza safari na makumbusho "ili wageni waelewe". Mtu aliyeshuka botini jana hajui atazame nini. Aliyekaa siku tatu amepishana na punda kwenye vichochoro, amelala chini ya boriti, amekaa baraza ya mtu akanywa kahawa chungu, amepanda jahazi hadi kijiji cha Shela au magofu ya Takwa. Huyo akiona kitu ndani ya kioo hukitambua. Husema, "Ah, hiki ndicho kile." Mwongozo huu una lengo moja tu: kila mtu wenu aseme maneno hayo angalau mara tatu kabla ya kupanda boti.

Ninazungumzia Makumbusho ya Lamu yaliyo barabara ya pwani, katika jumba la ghorofa lenye roshani linalotazama bahari, ambalo zamani lilikuwa makao ya wakuu wa serikali ya kikoloni. Si ngome, na si ile Nyumba ya Kiswahili iliyo ndani mitaani. Watu huchanganya hizi tatu kila siku. Haya ya pwani ndiyo yenye kila kitu: vyombo vya baharini, mapambo ya bi harusi, vigae vya miji iliyokufa, siwa (yaani baragumu kubwa za kifalme), vifaa vya wafugaji na wawindaji wa bara. Ni kama kasha la bibi. Ukilifungua unakuta kanzu ya babu, karatasi za shamba, mkufu wa mtu usiyemjua, na kila kimoja kina hadithi yake.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya majina ya watu wote, kwenye karatasi. Simu huzimika.
- Simu yenye pesa na bando, kwa sababu kiingilio cha makumbusho ya taifa hulipwa kwa njia ya eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni. Usije na bahasha ya noti ukategemea kulipa mlangoni.
- Vitambulisho vya watu wazima, na vya wanafunzi au barua ya shule. Bei hutofautiana kati ya raia, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali, na kati ya mtu mzima na mtoto. Asiye na cha kuonyesha anaweza kutozwa bei ya juu. Vitambulisho mtavihitaji pia njiani, kwenye vizuizi vya polisi vya barabara ya Lamu.
- Maji ya kunywa, yabaki nje ya vyumba vya maonyesho.
- Leso mbili tatu za ziada. Mji huu una staha yake, na wapo wageni ambao siku ya mwisho huvaa nguo za kusafiria wakasahau mabega.
- Msaidizi mmoja kwa kila watu 8 au 10. Hata kijana wa kidato cha tatu anafaa, mradi ajue kuhesabu na asiwe mtu wa kupotea mwenyewe.
- Nambari ya nahodha wa boti yenu, mliyekubaliana naye jana yake kuhusu saa na bei.

Hatua

1. Amua siku yenu ya mwisho ni ipi hasa.

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mabasi hayatoki kisiwani. Hutoka Mokowe, bara, na mengi huondoka asubuhi. Ukishakata tiketi ya basi la asubuhi, siku yako ya mwisho ya kutembea ni ile iliyotangulia. Wanaoondoka kwa ndege nao lazima wavuke, maana uwanja uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo. Ndege ya alasiri hukuachia asubuhi nzuri kabisa. Ndege ya saa 4 haikuachii kitu, usijaribu.

Andika saa ya kuondoka juu ya karatasi, kisha hesabu kurudi nyuma. Spidiboti ya Mokowe huchukua dakika chache. Boti kubwa ya abiria yaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na haing'oi mpaka ijae. Weka nusu saa ya kupakia mizigo na nusu saa ya mambo usiyoyajua. Kinachobaki ndicho chenu. Kikiwa chini ya saa moja na nusu, fanyeni makumbusho jana yake jioni.

Na kama siku hiyo ni Ijumaa, kikundi kiwe kimetoka kabla ya saa 6. Mji mzima unaelekea msikitini, na wanaume wenu nao wanataka kuoga na kwenda.

2. Maliza habari ya mizigo kabla ya kutoka hotelini.

Mtu mwenye begi mgongoni hatazami kitu, anatazama begi lake. Tena vyumba vingine ni vyembamba, na vioo viko karibu. Omba hoteli iwawekee mizigo chumba kimoja hadi saa mtakayorudi. Hoteli ikiwa mbali, ndani ya mitaa ya Mkomani au Langoni, kodi mkokoteni au punda alete mizigo gatini kwa saa maalum, na umwache msaidizi mmoja nayo.

Onyo: usiipakie mizigo botini kisha mkaingia makumbusho. Mwaka mmoja nilikubali kufanya hivyo kwa sababu nahodha alionekana mtu mwema na jua lilikuwa kali. Tulipotoka, boti ilikuwa imekwenda kufanya tripu nyingine na mabegi yetu 19 ndani yake, na dawa ya sukari ya mama mmoja ilikuwa kwenye begi la chini kabisa. Boti ilirudi, hakuna kilichopotea, lakini nilikaa pale gatini dakika 50 nikimtazama yule mama, na sitaki kiongozi mwingine apitie hali ile. Dawa, maji na vitambulisho vikae mwilini. Mizigo ipakiwe wenyewe mkiwa mmesimama pale.

3. Fikeni mlango unapofunguliwa.

Kwa kawaida ni saa 2 asubuhi. Saa hiyo jua bado liko upande wenu na halijawa kali, upepo unaingia, vikundi vingine bado vinakula mahamri. Kiongozi aingie peke yake kwanza, alipe, amalize habari za vitambulisho, kisha ndipo awaite wenzake. Watu 40 wakisimama kuzunguka meza ya tiketi, wa nyuma wanakwenda kununua mabuyu na hutawaona tena kwa nusu saa.

Wakati unalipa, uliza maswali mawili: "Siwa ziko chumba gani leo?" na "Kuna chumba kilichofungwa?" Vitu huhamishwa na vyumba hutengenezwa. Nimeona kiongozi akiwaahidi watoto kitu kwa siku tatu, kisha akafika akakuta kimeondolewa.

Omba pia mtembezi wa makumbusho, yaani mtu wa kuwazungusha na kuwaeleza, hata kama wewe mwenyewe una maneno mengi. Wafanyakazi wengi wa pale ni wenyeji wa mji, na watakuambia kitu kilitoka mtaa gani. Mkubaliane muda kabla hajaanza. Mwambie wazi: "Bwana, tuna saa moja na robo, na tunataka vitu vinne tu."

4. Gawa kikundi mlangoni, si ndani.

Vikundi vya watu 8 hadi 10, kila kimoja na msaidizi wake, na kila kimoja kianze chumba tofauti. Kikundi kimoja kianze na siwa, kingine na vyombo vya bahari, kingine na mambo ya arusi. Baada ya dakika 15 mnabadilishana. Wazee wapangwe pamoja na vijana wachache, wasiwekwe peke yao. Nitaeleza sababu katika hatua ya 7.

Kubalianeni mahali pa kukutana mkimaliza. Roshani inafaa, ina upepo, na mtu akitazama anaiona boti yake.

5. Siwa: simameni hapo muda mrefu kuliko popote.

Kama mtaona kitu kimoja tu, iwe hiki. Siwa ni baragumu kubwa, ndefu kama mtu mzima au zaidi. Ziko mbili zinazohesabiwa kuwa hazina za pwani hii: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ya karne ya 17, na ya Lamu, iliyosubiwa, yaani kumiminwa, kwa shaba na kutiwa nakshi na maandishi ya Kiarabu. Hazipulizwi kwa nchani kama tarumbeta, zina tundu ubavuni. Watoto wote hulitafuta tundu mahali pasipo, kwa hiyo waulize kabla hujawaonyesha.

Waeleze kwamba siwa haikupigwa ovyo. Ilitoka kwa kutawazwa mfalme, kwa arusi na khitani za watu wakubwa. Aliyekuwa na siwa alikuwa na mji, na kunyimwa siwa kulikuwa ni kunyimwa heshima mbele ya watu. Masimulizi ya Pate yana kisa cha Mwana Darini, mwanamke wa ukoo mkubwa, aliyetaka kumfanyia mwanawe sherehe akanyimwa siwa ya ufalme. Hakukaa kulia. Alimtafuta fundi, akaagiza ichongwe nyingine ya pembe. Nikifika hapo huwa nanyamaza. Kina mama wa vikundi vyote, wa Mombasa hata wa Nairobi, hawahitaji kufafanuliwa mwanamke anavyojisikia akinyimwa sherehe ya mwanawe. Wataanza kuzungumza wenyewe, na mazungumzo hayo yana thamani kuliko maelezo yangu.

Onyo: usianze na historia ya pwani nzima, Waarabu, Wareno, Waomani, Waingereza, kabla ya kuwafikisha kwenye siwa. Hili ndilo kosa kubwa la viongozi wenye elimu. Kwa miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikisimama chumba cha kwanza kwa dakika 40 nikitaja tarehe. Tukifika kwenye siwa muda umekwisha na watu wanatafuta pa kukaa. Tarehe watazisoma kwenye vibao. Kisa kinataka mtu wa kukisema.

6. Vyombo vya bahari: tafuteni kisicho na msumari.

Kikundi chenu kimepanda jahazi au mashua siku chache zilizopita, kwa hiyo anzia hapo. Waulize tanga lilikuwa na umbo gani. Watasema pembe tatu. Kisha waonyeshe mfano wa mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, ambao tanga lake ni la pembe nne na lilisukwa kama mkeka. Mbao za mtepe hazikupigwa misumari. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mshono baada ya mshono, kama mtu anavyoshona mkoba. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, na wazee husema ni kumkumbuka ngamia wa Mtume. Mitepe ilibeba boriti na biashara kwenye pwani hii mpaka ikatoweka katika karne ya 20.

Wape watoto dakika mbili wahesabu mishono. Haina haja ya kupata jibu sahihi. Mtoto aliyejaribu kuhesabu ameshaelewa kazi ya fundi.

Kama kundi lilikwenda Takwa, kisiwani Manda, tafuteni vigae na vitu vilivyochimbuliwa kwenye miji ya kale. Takwa ilistawi hadi karne ya 17, kisha watu wakahama. Shanga, kisiwani Pate, ni ya zamani zaidi, na wachimbuaji walikuta hapo alama za misikiti ya tangu karne ya 8. Kipande cha bakuli la Kichina kilichovunjika hakivutii jicho. Lakini ukimwambia mtu kwamba bakuli hilo lilivuka bahari mbili likafika kwenye ukuta wa nyumba aliyokanyaga magofu yake juzi, atainama kulitazama.

7. Mambo ya nyumba na arusi: nyamaza, waachie wazee.

Hapa pana kitanda, mapambo ya fedha, viti vya enzi, milango ya kuchonga, mavazi. Hapa wazee wa kikundi ndio watembezi. Bibi wa Likoni atakuona unaeleza chano au kibia, vyombo vya chakula, naye alikipakulia kwa mkono wake akiwa msichana. Mwombe kwa heshima: "Bibi, kwenu kitu hiki mlikiitaje?" Kisha kaa kimya. Kila mji una jina lake. Mtu wa Pemba atasema lake, wa Faza lake, wa Malindi lake, na vijana watasikia kwamba Kiswahili ni kipana kuliko cha kitabuni. Ndiyo maana nasema wazee wasitengwe.

Kwa viti vya enzi, onyesha wavu wa uzi kwenye mgongo wa kiti na pembe zilizopachikwa kwenye mpingo. Viliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Mwenye nyumba mwenyewe angeweza kukaa chini ili mgeni akae juu.

Onyo: wapo watakaotaka kukaa kitandani wapigwe picha. Hapana. Uliza ruhusa ya picha mlangoni, zima taa ya simu, na mkono usiguse nguo wala mbao. Jasho la mikono 40 kwa siku linakula nakshi iliyodumu karne mbili.

8. Msiruke chumba cha majirani.

Wengi hupita hapa mbio kwa sababu "tumekuja kuona Uswahili". Wanakosea, na jambo hili linaniuma. Lamu haikuishi kwa bahari peke yake. Nafaka, ndizi, asali, maziwa, ngozi na pembe vilitoka bara, kwa Wapokomo wakulima wa mto Tana, kwa Waorma wafugaji, kwa Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, wawindaji na warina asali wa msitu ulio ng'ambo ya bahari hii. Ile siwa ya Pate mliyoistaajabia ni pembe, na ndovu hakai kisiwani. Mwulize mtembezi akuonyesheni kimoja kimoja cha kila jamii, na swali liwe: walitupa nini, na sisi tuliwapa nini? Kama kundi lina mtoto wa Garsen, Hola au Witu, hapa ndipo zamu yake ya kusimama mbele. Usimlazimishe, lakini mpe nafasi.

9. Dakika 20 za uhuru.

Usizikate dakika hizi hata kama mmechelewa. Mwambie kila mtu achague kitu kimoja anachokipenda, akitazame peke yake, akumbuke jambo moja tu la kwenda kumwambia mtu wa nyumbani. Si kuandika insha. Jambo moja. Mkikutana roshani, pitisheni zamu haraka, kila mtu sentensi moja. Mvulana wa miaka 9 aliwahi kuchagua kufuli. Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameiona kufuli ile.

10. Hesabu, toka, hesabu tena, kisha gati.

Hesabu kwa majina, si kwa vichwa, kwa sababu vichwa vya kundi jingine huchanganyika. Hesabu roshani, hesabu tena gatini, hesabu ndani ya boti. Maji yakiwa yametoka, ngazi za chini za gati huwa na ukoga na zinateleza. Wazee washuke mmoja mmoja wakishikwa mkono pande zote mbili, na viatu vya kisigino vivuliwe. Jaketi la kuokolea livaliwe na lifungwe kabla boti haijang'oa. Nahodha asiye na majaketi ya kutosha watu wako, mwache, tafuta mwingine. Hapa hakuna mjadala.

Muda ukibaki

Ikiwa imebaki saa nzima, ingieni mtaa wa ndani mwende Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyotunzwa ilivyokuwa: daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), msana (chumba kirefu cha kukaa), ndani (chumba cha faragha), na ukuta wa zidaka (vishubaka vya ukutani). Tazameni birika la maji. Huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na hilo ni jambo ambalo watoto hulikumbuka miaka. Ni ndogo, waingie 10 kwa 10.

Ikiwa imebaki nusu saa, posta ya Wajerumani iko karibu. Ilifunguliwa mwaka 1888 wakati Wajerumani walipokuwa na mambo yao na Sultani wa Witu, ikafungwa 1891. Dakika 15 zinatosha.

Ngome inataka muda wake, msiiharakishe. Ilianza kujengwa mwaka 1813 na kukamilika 1821, kisha ikawa jela tangu 1910 hadi 1984. Wazee wa mji bado wanaikumbuka kwa jina hilo la jela. Kama hamkuiona siku za mwanzo, pandeni juu tu, mtazame mapaa ya mji, mshuke.

Ikiwa imebaki robo saa, msiende popote. Kaeni kwenye baraza za pwani.

Mambo yakienda kombo

*Malipo ya simu hayapiti.* Mtandao hulegea, hasa asubuhi ya likizo. Lipa jana yake jioni ukiweza, au uwe na watu wawili wenye laini za mitandao tofauti. Usigombane na mtu wa tiketi, hana uwezo wa kubadilisha mfumo. Kikundi kikisubiri, msaidizi awapeleke kivulini na awaambie kile kisa cha Mwana Darini. Muda huo hautakuwa umepotea.

*Watoto wamechoka na wanapiga kelele.* Ni njaa au mkojo, karibu kila mara. Chai inywewe kabla ya saa 2, na msalani waende kabla ya kuingia. Wakishaanza kukimbizana vyumbani, toeni kundi hilo dogo roshani kwa dakika 10, mengine yaendelee.

*Mzee hawezi ngazi.* Usimwache chini peke yake na maneno "tutakuja". Mwombe mtembezi aanze naye vyumba vya chini, na mpe kijana mmoja wa kukaa naye, aliyejitolea kwa hiari. Kijana huyo ampigie picha za vya juu, pale picha zinaporuhusiwa, ashuke amwonyeshe na amwulize majina. Nimeona mzee wa miaka 80 akieleza kitu kutoka kwenye simu vizuri kuliko sisi tuliosimama mbele ya kioo.

*Chumba cha siwa kimefungwa.* Uliza kwa upole kama kuna mtu mwenye ufunguo. Jibu likiwa hapana, hamishia muda wote kwenye vyombo vya bahari. Usikae ukilalamika mbele ya kikundi, watabeba malalamiko yako hadi nyumbani.

*Mtu mmoja hayupo.* Kikundi chote kikae pamoja, wawili tu ndio watafute. Kwanza chumba cha mwisho alichoonekana, pili msalani, tatu duka la karibu, nne gatini. Mji hauna magari mengi na watu wake ni wema. Ukimwuliza mzee wa barazani, "Mumemwona kijana wa fulana nyekundu?" mara nyingi atakunyoshea mkono. Ikiwa boti haiwezi kungoja, kikundi kiondoke na msaidizi, wewe kiongozi ubaki. Nauli yako ya spidiboti iwe mfukoni tangu asubuhi kwa ajili ya hilo.

*Mvua ya ghafla.* Subirini ndani, mwombe mtembezi dakika zaidi. Mfunike mizigo iliyo gatini kwa turubai, nahodha huwa nalo. Bahari ikichafuka, neno la nahodha lifuatwe, hata kama basi litakosekana. Piga simu kwa kampuni ya basi mara moja, mapema, kabla hawajatoka Mokowe. Wakijua mko njiani mara nyingine hungoja kidogo, au huwahamishia la kesho.